Siku Nyumba Yetu Ilipokwenda Kupokea Wageni

Harufu yenyewe ni ya gesi ya kupikia, mbao nyembamba iliyolowa, na pazia la plastiki lililopigwa na jua mchana kutwa. Majuzi niliitwa hapa hapa Louisville, mtaa wa Iroquois, kutengeneza umeme wa trela, nyumba ya magurudumu ya mzee mmoja mjane. Nikafungua mlango, na kabla sijashika bisibisi nikajikuta nina miaka kumi, nimejikunja kwenye kitanda ambacho mchana kilikuwa meza ya kulia. Yule mzee aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nimewakumbuka tu watu ninaowachukia.

Nawaambia ninyi mnaonisoma, kwa sababu ninyi hamtakwenda kunisema kanisani. Watu wale walisema Baba hatamaliza hata majira mamoja ya baridi ndani ya kopo. Kopo ndilo jina walilolipa trela letu. Walisema mimi, mtoto wa kopo, nitaishia kusukuma mikokoteni ghalani, tena nikibahatika. Walisema dada yangu Espe hataolewa, kwa maana ni wazee gani watakaovaa suti wakabishe hodi kwenye kopo?

Leo nina diploma ya ufundi wa umeme. Imo ndani ya fremu ya kioo, imetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona. Nina leseni, nina pikapu mbili zenye jina langu ubavuni, na nyumba niliyoinunua bila kumpigia mtu magoti. Sebule yangu nimeipima kwa futi. Trela lile lingeingia lote, na nafasi ya kulizunguka ingebaki. Ndiyo, nilipima.

Sisi ni Warundi wa kambini. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, tukaletwa Louisville, Marekani, nikiwa na miaka sita, tukapangishiwa apatimenti ya vyumba viwili huku Iroquois. Kodi ilipanda, ikapanda tena, mpaka siku moja Baba akarudi kutoka ghalani alikokuwa akipakia maboksi akiwa na funguo mkononi. Mmarekani mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi, mzee wa ndevu nyeupe, alikuwa amechoka kusafiri na trela lake. Alimwambia Baba alipe nusu sasa na nusu nyingine atakapoweza. Hawakuandikiana karatasi. Walipeana mikono, basi.

Trela lilikuwa dogo kuliko choo cha shule yangu. Meza ilishushwa ikawa kitanda changu. Kochi lilivutwa likawa kitanda cha Espe, na likishavutwa hakuna aliyeweza kufungua friji. Baba na Mama walilala mbele, nyuma ya pazia. Mama akikaanga vitunguu, nguo zetu zote zilikwenda shule na vitunguu. Mvua ikinyesha tulizungumza kwa ishara, kwa sababu bati la paa lilipiga kelele kuliko sisi. Nilipapenda. Sikujua kwamba ni mahali pa kuonea aibu mpaka nilipofundishwa.

Mwalimu wangu wa somo hilo alikuwa Mzee Yoramu. Kambini alikuwa kiongozi wa bloku yetu, na Louisville alikuwa wa kwanza miongoni mwetu kununua nyumba, kule mtaa wa Newburg. Trela haliishi barabarani, linahitaji mahali pa kusimama, umeme na maji. Mzee Yoramu alituruhusu tusimame nyuma ya nyumba yake. Kutoka gereji yake ulikuja waya mrefu wa rangi ya chungwa, ukaingia ubavuni mwa trela letu, na kupitia waya ule alitutawala.

Tukiwasha hita na birika kwa pamoja, swichi yake ilikatika. Akatoka mlango wa nyuma na kandambili zake. "Anania! Mnapika nini humo, mnayeyusha chuma?" Baba akajibu, "Tusamehe, Mzee." Mzee Yoramu hakukosa siku ya kuchomoa waya ule kabisa, atufundishe kubana matumizi, na tukakaa na makoti ndani ya nyumba yetu. Jumapili kanisani alisimama kuomba kwa sauti ya kambini, sauti ya kuita majina ya mgao wa chakula, akasema, "Baba wa mbinguni, ikumbuke familia ile iliyoko kwenye kopo, ambayo umenijalia kuisitiri." Watoto wote waligeuka kunitazama. Baba alisema amina. Kwa amina ile nilimchukia Baba muda mrefu.

Choo cha trela kina tenki lake chini, na tenki likijaa ni lazima lipelekwe likamwagwe panapostahili. Kwa hiyo tulijitahidi kutumia bafu la besimenti, chumba cha chini ya nyumba ya Mzee Yoramu, ingawa yeye mwenyewe aliufunga mlango wa besimenti kila usiku. Bahati yetu, nilidhani, kitasa kilikuwa kibovu, maana alfajiri tulikuta kimefunguka. Mzee alikuwa na binti mmoja, Neema, wa miaka kumi na mitano, msichana wa maneno machache ambaye alijibu Kiswahili cha baba yake kwa Kiingereza. Alikuwa rafiki wa Espe. Mimi sikumjali. Alikuwa wa nyumba ile, na nyumba ile niliichukia yote, pamoja na paka.

Kisha Espe akapata mchumba. Jozue, Mkongo wa milima ya Kivu ya Kusini, alikaa Buffalo, mji wa mbali kaskazini, akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Walikutana kwenye kongamano la kwaya. Familia yake ikatuma neno kwamba itakuja Louisville kujitambulisha na kutoa mahari.

Mnajua desturi. Wageni huja nyumbani kwa baba wa binti. Pande mbili hukaa zikitazamana, wasemaji hutaniana, na yule aliyekaa kiti cha baba ndiye anayepokea mahari, na ndiye atakayetafutwa ndoa ikipata taabu. Kwa maneno mengine, siku ile inaamuliwa mbele ya mashahidi binti ni wa nani.

Mzee Yoramu akamwita Baba gereji, mimi nikiwa nimeshika mwisho wa waya.

"Watu wale ni wengi, Anania. Utawaweka wapi, juu ya paa?"

"Nilikuwa nafikiri nikodi hema, Mzee."

"Hema! Novemba! Unataka kutuaibisha mbele ya Wakongo. Watakaa sebuleni kwangu. Chakula wanawake watapika jikoni kwangu. Na kwa kuwa nyumba ni yangu, kiti cha baba nitakaa mimi. Wewe utakaa pembeni, uitikie."

Baba alitazama sakafu ya gereji. "Ndiyo, Mzee."

Espe alipoambiwa, hakulia. Alikunja kochi lake polepole, akakaa juu yake, akasema, "Kwa hiyo mimi ninaolewa kutoka kwa Yoramu." Mama akafungua bomba la maji ili asisikie jibu la Baba.

Jumamosi yenyewe ikafika. Ujumbe wa Buffalo ulikuwa umetoka kwao jioni iliyotangulia kwa basi dogo la kukodi, watu kumi na mmoja. Saa moja asubuhi simu ya Baba ikalia. Alikuwa msemaji wao, Papa Claude, ami yake Jozue. Basi lilikuwa limewafia njiani, mjini Columbus. Fundi aliwaambia kifaa kitapatikana Jumatatu. Walikuwa wamekaa kwenye uwanja wa maegesho wa duka kubwa la vifaa vya ujenzi, mavazi ya sherehe yakiwa ndani ya mifuko, upepo ukiwapiga.

Mzee Yoramu, akiwa tayari ameshavaa suti, alitoa hukumu hapo hapo uani. "Wangoje. Wapwa zangu wakimaliza zamu zao mchana watakwenda kuwachukua kwa magari yangu. Wakifika hapa wajue nani amewaokoa."

Akaingia ndani. Baba alibaki amesimama. Alitazama trela, kisha akatazama pikapu yake, ile iliyolivuta mpaka pale, kisha akatazama ile ndoano ya chuma inayoviunganisha viwili hivyo. Mimi nilikuwa naye na niliuona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akagundua ameivaa.

"Mama Espe," aliita kwa upole, "funga masufuria."

"Niyafunge yaende wapi?"

"Wageni wangu wako njiani na hawawezi kufika nyumbani kwangu. Basi nyumbani kwangu patawafikia."

Mama alijifunga kitenge kiunoni. Kisha akavuka uwanja, akaingia jikoni kwa Mzee Yoramu mbele ya wanawake wote, na akatoka amebeba sufuria kubwa ya nyama ya mbuzi, ile aliyoinunua na kuipika kwa mkono wake. Wali na ndizi aliwaachia. "Naipeleka ipate hewa," aliwaambia.

Kazi yangu tulipohama ilikuwa kuondoa vipande vya mbao chini ya magurudumu, kukunja bomba la maji na kuchomoa waya. Nilichomoa waya ule wa rangi ya chungwa kama mtu anayeng'oa jino la adui. Halafu, nikiwa nimepiga magoti chini ya trela, nikaona kishikio cha kumwagia tenki la choo. Tenki lilikuwa na wiki nzima ya watu wanne. Mbele yake, hatua chache, palikuwa na mlango wa besimenti, ambao wageni wa Mzee Yoramu, themanini na zaidi, wangepitia kwenda kutundika makoti. Nilikuwa na miaka kumi na nilijua ninachofanya. Nilivuta.

Nikaruka ndani ya pikapu, Baba akaondoa gari.

Siwezi kuwaeleza furaha ya safari ile. Louisville hadi Columbus ni zaidi ya saa tatu, na sisi wanne tulibanana kiti cha mbele na cha nyuma, Espe na vitenge vyake magotini, Mama akigeuka kila mara kuhakikisha nyumba inatufuata. Tulipovuka mto Ohio Baba alianza kuimba pambio la kambini. Sikuwahi kumsikia akiimba peke yake kabla ya siku ile.

Tuliwakuta wamejikusanya kando ya ukuta wa duka, kofia mpaka machoni. Baba alipiga honi, akazungusha trela polepole, akalisimamisha likitazama jua. Aliweka mbao chini ya magurudumu mwenyewe. Akapanda ndani, akafunga mlango. Papa Claude, mtu mnene mwenye fimbo, hakuelewa kwanza. Kisha akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Akawapanga watu wake mstari, wakabadili nguo nyuma ya magari, akaja kubisha.

"Hodi hapa!"

"Karibuni kwangu," Baba akafungua.

Kwangu. Neno lile alilitamka taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

Wanaume sita walibanana kwenye kochi na meza yangu. Wanawake walipokezana mlangoni, ngazi ikilia. Wanunuzi wa mbao na rangi walipita na mikokoteni yao wakitukodolea macho. Papa Claude akaanza.

"Bon. Bandugu, sisi tumetafuta nyumba ya huyu papa tangu Buffalo, motokari ikatufia njiani. Donc nyumba ikasema, mie mwenyewe nitaenda kubatafuta. Tangu nizaliwe sijaona nyumba yenye heshima kama hii. Lakini niko na ulizo moja: na binti, naye iko na magurudumu? Tukimupeleka kwetu, hatutaamuka asubui amekwenda?"

Trela lilitikisika kwa kicheko. Baba, mtu wa amina, alingoja kicheko kiishe.

"Binti yangu hana magurudumu. Mwenye magurudumu ni baba yake. Mkimtesa, nitakuwa mlangoni kwenu kabla hamjamaliza chai."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka mlinzi wa duka akaja kuuliza kuna nini. Mama akampa nyama ya mbuzi, akaondoka ameridhika.

Simu ya Baba ilikuwa mezani, ikitetemeka na kuzunguka kama mdudu aliyepinduliwa. Mzee Yoramu. Mzee Yoramu. Mzee Yoramu tena. Mama aliichukua kwa vidole viwili, akaiweka ndani ya friji kati ya chupa za Fanta. Mahari ikapokewa na mikono ya Baba, na Espe akatoka nyuma ya pazia la plastiki akiwa binti wa Anania.

Hatukurudi Louisville; nyumba tulikuwa nayo. Tuliwabeba wageni waliopata nafasi, wengine wakatafuta usafiri, na Baba akaendelea kaskazini. Trela letu lilisimama Lackawanna, karibu na Buffalo, nyuma ya nyumba ya Papa Claude, na hapo hakuna aliyewahi kuuchomoa waya. Huko nilisoma, huko nilipata diploma. Hadithi ya nyumba iliyokwenda kupokea wageni ilimtangulia Baba kila mji wenye watu wetu. Kwenye harusi wasemaji waliitaja. Na mimi kwa wavulana wenzangu niliongeza sura ya tenki, na kila mwaka tenki lilizidi kujaa.

Niliporudi Louisville na pikapu yangu, niliapa kumlipa kila aliyetuazima kitu. Yule Mmarekani wa ndevu nyeupe nilimkuta hai, akanijibu kwamba Baba alimaliza nusu yake zamani, kimya kimya, na akanilazimisha nile keki. Kwa hiyo alibaki mmoja.

Nilichagua Jumapili, baada ya ibada, saa ambayo Mzee Yoramu hukaa sebuleni na wageni wake. Nilivaa suti. Nilisubiri watu wapewe vikombe kwanza. Kisha nikasimama nikaweka bahasha mezani.

"Mzee, mimi ni Zakayo wa Anania, mtoto wa kopo. Humu mna umeme wa miezi kumi na minne, mna maji, na mna kodi ya sebule hii ambayo hatukuitumia. Hesabu nimeifanya mimi, na mimi ni fundi umeme mwenye diploma, kwa hiyo haijakosewa. Naomba uniandikie risiti mbele ya hawa."

Kijana mmoja alipaliwa na chai. Mzee alikuwa amezeeka, aliitafuta kalamu mfuko mmoja baada ya mwingine, na sitawadanganya: nilimtazama akitafuta na nikafurahi. Alitia sahihi. Niliikunja risiti, nikaaga, nikatoka.

Neema alinifuata mpaka kwenye pikapu, sinia bado mkononi.

"Umemlipa Baba waya," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kimekomaa. "Na mlango je?"

"Mlango upi, dada?"

"Wa besimenti. Ulidhani kitasa kilikuwa kibovu? Miezi kumi na minne niliamka saa kumi na moja kukifungua."

Nilianza kumshukuru. Akanikatiza.

"Na siku ile. Espe alikuwa amenichagua nimsindikize. Nilishonewa gauni la kijani. Asubuhi Mama akaniita mlango wa nyuma, akanipa beleshi na ndoo. Watu walikuwa wanaanza kufika. Baba akauliza nani amechezea trela la watu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiingia humo kila siku kwa Espe, akajijibu. Hakunisemesha mpaka Pasaka. Wanawake wale walionipita na viatu vyao vizuri, mpaka leo wananiita wa ndoo."

"Kwa nini hukuwaambia ni mimi? Ulijua."

"Nilikuona kupitia dirisha. Ningesema nini, Zakayo? Ningesema mtoto wa Anania, wangesema Anania. Wangesema amekula kwetu akaacha mavi mlangoni. Hiyo hadithi yenu ya nyumba iliyopokea wageni, unadhani ingefika wapi?"

Nilisimama pale na suti yangu. Miaka yote ile nilikuwa nimeutazama waya, kwa sababu mwenye waya alipiga kelele. Neema, aliyetutunzia jina zuri la Baba, hakuwahi kusema neno, na mimi ndiye niliyemwagia uchafu mlangoni. Mzee Yoramu sijamsamehe, wala sina mpango huo. Lakini siku ile ilikuwa bado haijaisha.

"Nikulipe nini?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa kuelekea ndani. "Wamo wote."

Tulirudi. Vikombe vilikuwa bado nusu. Nikasimama pale pale niliposimama na bahasha, nikasema ni mimi niliyevuta kishikio cha tenki, kwa makusudi, nikiwa na akili zangu, na kwamba baba yangu hakujua, na Neema hakugusa kitu ila beleshi. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kiingereza, kwa kuwa vijana walikuwepo na sikutaka mtu atoke pale bila kuelewa. Mama mmoja mwenye kilemba alifunika mdomo. Mzee Yoramu hakunitazama mimi hata kidogo, alimtazama binti yake.

"Mbona hukusema?" aliuliza.

"Uliniuliza?"

Neema aliweka sinia chini, akavuta kiti katikati ya wageni wa baba yake, akakaa, akanyoosha gauni magotini, akamwambia yule mama mwenye kilemba ammiminie chai.